Daftari la Hatukula

Saa kumi alfajiri, Barabara ya Kumi na Nne.
Ngamiani imelala, jiko letu limeamka.
Mama anakaanga mihogo kwa mwanga wa simu,
anageuza kila kipande kama anayekagua noti.
Chapati kumi na mbili ndani ya hotipoti,
nguru mmoja aliyekatwa akatosha,
kachumbari kwenye kopo lililokuwa la siagi,
na mayai sita ya kuchemsha.

Sisi ni watano.
"La sita," anasema Mama,
"ni la yule ambaye hataniuliza tumefika wapi."

Maji yalilala kwenye friza ya Mama Zahabu:
chupa tatu ngumu kama mawe,
zimevikwa kanga kuukuu iliyobakiwa na nusu ya jina lake.
Baba anawasha Korola mara ya kwanza, ya pili.
Ya tatu inakohoa, inakubali.
Tunakwenda Same, kwa Mjomba Kihiyo.

Muheza, machungwa yanatufuata dirishani.
Mama anabishana bei
mpaka Baba anazima injini kuokoa petroli.

Halafu Segera.
Mabasi yamejipanga, kondakta anapiga kelele dakika kumi, kumi tu,
na ile harufu,
mafuta, viazi, ndimu juu ya kuku,
inaingia hata kwenye vioo vilivyofungwa.
Hemedi anaanza: "Mama, leo tu."
Mama hakatai. Mama anapiga hesabu kwa sauti:
"Chipsi kuku elfu saba. Mara tano, thelathini na tano.
Soda tano, elfu tano."
Analamba ncha ya penseli, anaandika, anafunga daftari.
Baba anakanyaga mafuta
mpaka kwenye kalavati, mkonge kushoto, mkonge kulia,
na pale ndipo hoteli yetu.

Nakumbuka nilivyoinama kila basi lilipopita,
chapati nimeificha chini ya kiti
kama mtu aliyeiba kwake mwenyewe.
Nakumbuka pia ilivyokuwa tamu.

"Ngoja nikague tairi," husema Baba.
Tairi zote nne zipo hapa.
Yeye anarudi kwa miguu kule Segera,
anakaa robo saa,
anakuja ndevu zinang'aa.
Mama anamkabidhi mhogo wake. Anaula wote, masikini,
bila kubakisha.

Mwaka jana, nikitafuta kadi yake ya kliniki,
nililikuta daftari chini ya mashuka.

*Segera. Hatukula. 40,000.*
*Mombo. Hatukula. 22,000.*
*Same. Soda mbili, mdogo alitapika.*
*Segera, kurudi. Hatukula.*
*Tairi: mishikaki mitatu. Asijue kama najua.*

Kurasa na kurasa za vyakula tusivyokula.
Nilitafuta jumla, haikuwepo.
Pesa isiyoliwa haina risiti;
labda ni lile bati la jikoni,
labda ni viatu vya Hemedi vya kidato cha kwanza,
labda iliyeyuka tu, kama zile chupa,
kidogo kidogo, ndani ya kanga.

Leo usukani ni wangu.
Baba hayupo tena wa kukagua chochote.
Mama yuko kiti cha mbele, hotipoti mapajani,
ileile, kifuniko kimefungwa kwa mpira.
Nyuma, Mwanjaa na Tariki wananusa hewa ya Segera
kama paka.
Pesa ninayo, iko kwenye simu.
Lakini naendesha mpaka kalavati, sijui kwa nini,
mkono wenyewe umekata kona.

Tunakula. Mwanangu anainama basi likipita.
Simwambii kitu.

Kisha nasikia sauti yangu ikisema,
"Ngojeni nikague tairi."

Mama hageuki.
Anamenya yai la sita, analigawa,
nusu ananipa mimi.
"Nenda," anasema, "ila tairi za siku hizi zimepanda bei."
Anafuta vidole, anatafuta penseli.
"Na mimi niletee miwili.
Yenye mafuta."