Kijiko Kwenye Bomba

Saa tano usiku, Botoșani, Januari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
bomba la chumbani mwangu linagongwa mara tatu.
Ni kijiko cha Bibi Zamfira, ghorofa ya chini.
Bomba lenyewe ni mfu. Tangu jengo likatiwe joto la pamoja
halijapitisha maji;
siku hizi linapitisha shida tu.

Nashuka na soksi mbili mbili, laptopu kwapani.
Boila yake imezimika. Kwenye kidirisha chake
inapepesa E04, E04,
kama mtoto aliyejua neno moja.
"Kitabu chake nilifungia jibini," asema, "mwaka ule wa mafuriko."
Basi tuutafute mwongozo mtandaoni.
Upo. Kurasa tisini na sita. Nabofya.

Kijivu.
Si nyeupe, si nyeusi, kijivu cha anga la huko nje,
na katikati kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mgeni asiyejua mlango wa choo ni upi.

Napakia upya. Kijivu.
Nafunga kila kitu, nafungua tena. Kijivu.
Kivinjari kimegoma kuvinjari, faili limefeli,
na mimi, fundi wa kuitwa, najifanya nilitarajia.
Mwongozo, nawaza: neno lenye mwongo tumboni.

Zamfira amevaa makoti mawili, la juu la marehemu mumewe.
Anavikodolea macho vidole vyangu
kama mtu anayechunga mizani ya muuza nyama.
"Umejaribu kuipiga kofi?"
"Haipigwi kofi, bibi."
"Televisheni ya Anghel ilipigwa miaka kumi na minane, na ilionyesha."

Nafuta kache:
makombo ya safari zangu za miezi,
tiketi za basi la Suceava, supu ya maharage,
uso wa mtu niliyekuwa nikimchungulia kimya kimya.
Yote yaende. Yameenda. Kijivu kimebaki.

"Sasa nafungua dirisha la faragha."
"Dirisha usifungue!" ashtuka. "Baridi!"
Nacheka hadi miwani inashika ukungu,
na humo, katika dirisha lisilopitisha upepo,
ukurasa wa kwanza unachungulia.

Kumbe ni kile kiendelezi nilichokiweka mwenyewe
kuzuia matangazo,
bawabu mwenye bidii kupita kiasi,
akamfukuza na mgeni niliyemwalika.
Namzima. Waraka unafunguka, mzima, mrefu,
lakini kila herufi yenye mkia imegeuka kisanduku:
fonti haikupachikwa, maneno yameng'oka meno.
Zamfira anasogea, anakunja uso.
"Hiki ni Kiromania cha nani?"

Nalipakua faili.
Nalifungua kwa programu nyingine, kongwe, isiyo na maringo,
na meno yanarudi kinywani.

Ukurasa wa arobaini na tatu.
Anasoma kwa sauti, kidole juu ya kioo:
E04. Zima. Hesabu sekunde thelathini. Washa.

Tunatazamana.
"Nilifanya hivyo," asema.
"Ila niliishia ishirini. Kulikuwa na baridi."

Safari hii anahesabu kama anayelipa deni kwa sarafu ndogo,
haruki hata moja.
Thelathini.
Ndani ya sanduku jeupe kitu kinakohoa,
mwali wa buluu unasimama.

Hataki faili. Faili, asema, likilala nani ataliamsha?
Basi nanakili mistari ile kwa kalamu,
naye anaibandika kando ya boila kwa plasta ya vidonda.
Chini ya thelathini amepiga mistari miwili.

Saa nane usiku bomba linagongwa tena.
Mara moja.
Nakaa kitandani nikingoja la pili, la tatu.
Hayaji.
Maana ya moja siijui,
haimo katika zile kurasa tisini na sita.
Nanyoosha mkono gizani, natafuta ufunguo wa mlango,
na kwa ncha yake
naligonga bomba, mara moja, nalo linaitika baridi mkononi.