Mbonyeo wa Kilo Mbili

Niliinunua Kiboriloni, siku ya soko,
kati ya pasi ya mkaa isiyo na mpini
na rundo la vitasa visivyo na milango.
Karabai. Nyeusi kama sufuria ya msibani.
Mama Ndeshukurwa alitaja bei akitazama pembeni,
kama mtu anayeuza kitu cha ndugu.

Mwezi wa nne sasa, kila Jumamosi baada ya kufua,
natandika gazeti kwenye meza ya jikoni, hapa Pasua,
naifungua skrubu kwa skrubu.
Ya tatu iligoma. Nikaidondoshea mafuta ya taa,
nikaiacha ilale, nikaibembeleza kesho yake,
ikakubali kwa mlio wa mlango wa sakristia.

Mwanangu Anandumi hunicheka:
"Mama, mchana unasoma mita za umeme za watu,
usiku unafufua taa ya mafuta. Uko upande gani?"
Simjibu. Nina pini mdomoni.

Masizi kwanza. Kisha ukoga wa kijani shingoni mwa tangi:
jivu la migomba, ndimu, na fulana ya kampeni iliyopita
(ahadi moja, angalau, imeng'arisha kitu).
Ngozi ya pampu ilikuwa imekakamaa.
Nikaikatia nyingine kwenye ulimi wa kiatu changu cha kazi,
kiatu kilichobwekewa na mbwa wote wa Njoro na Rau,
nikailoweka kwenye mafuta ya alizeti usiku kucha.

Shaba haikuja ghafla.
Kwanza doa, kama jicho la ng'ombe zizini,
kisha ubavu mzima, na ndani yake mimi,
nimepanuka, pua kama kiazi.

Na kwenye shavu langu la shaba, shimo.
Dole gumba linaingia humo na kutulia.
Fundi Mashoto, karibu na stesheni, aliligonga kwa ukucha:
"Mia tano tu. Nanyoosha, hutajua lilikuwepo."

Nikarudi Kiboriloni kuuliza.
Safari hii Mama Ndeshukurwa alinitazama.
Taa ile, alisema, ilining'inia chama cha msingi,
usiku wa kupima kahawa. Karani alikuwa mume wake.
Mzee mmoja alishuka kutoka juu na magunia sita,
mzani ukataja chini ya alichokibeba mgongo wake.
"Soma tena," mzee akasema.
Karani akasoma tena.
"Soma tena."
Ndipo jiwe la mizani likaruka, la kilo mbili,
likamkosa karani, likaipata taa.

"Na mzani," nikauliza, "ulikuwa mbovu?"
Alipanga vitasa vyake, vikubwa huku, vidogo kule.
"Mwaka ule," akasema, "tuliezeka nyumba kwa bati."

Nimesimama kwenye vibaraza vingi
na daftari mkononi, mtu akiniambia: soma tena.
Nilimwambia Mashoto apumzishe nyundo yake.

Jana nikaifunga soksi mpya,
nikamimina spiriti kwenye kikombe chake, nikawasha,
nikangoja mwali wa buluu upashe koo la chuma.
Pampu thelathini, nikihesabu kwa sauti.
Soksi ikaungua, ikawa jivu linalokumbuka umbo lake.
Ikakohoa mara mbili. Ikavuma.
Ikawaka nyeupe hata mende wa kabatini wakaona aibu.
Anandumi alisahau kunicheka.

Nikanyoosha mkono, nikazima balbu.

Mama Elinami akaita kutoka ng'ambo ya ukuta:
"Umekatika?"
"Haujakatika. Nimeuzima mwenyewe."

Kimya.
Kisha nikamsikia akijaribu swichi zake,
ya sebuleni, ya ukumbini, ya jikoni,
moja moja, haniamini.