Kuifundisha Sifuri

Kila asubuhi naanza kwa kuiambia ilipo.
Hapa, bibi, ndipo kona ya meza.
Hapa ndipo sifuri.
Betri ya kumbukumbu ilikufa kabla hatujaonana,
na kila TANESCO wakivuta pumzi
inaamka haijui kwao.

Niliipata mnadani, bandarini Mtwara,
kreti imeandikwa lugha yenye vitone juu ya herufi.
Somoe alitoa malipo ya pili ya korosho,
magunia kumi na manne ya Chiungutwa,
akasema, "Haya. Ila ikifa utaizika wewe."
Ilipofika Masasi tukaishusha kwa magogo,
watoto wa Mkuti wakauliza kama ni jokofu la maiti.

Wiki ya kwanza ilitafuna gia ya Hokororo, meno manne,
ikasimama, ikawasha taa nyekundu: kosa 414.
Nikafungua kitabu chake.
Kurasa za kosa hilo
panya wa nchi ya mbali alikwisha kuzisoma.

Basi nimejifunza bila kitabu.
Kapasita niliitoa kwenye friji ya bucha.
Feni ni ya kompyuta ya shule ya kata.
Beringi ya mota (usimwambie mteja)
ni ya bajaji ya Mchopa, namba ileile,
na Mchopa mpaka leo akipita mlangoni
huuliza abiria wake wanaendeleaje.

Mhimili wa kwanza una uongo wa nukta mbili za milimita.
Naujua kama nilivyokijua kikohozi cha baba chumba cha pili.
Ukienda kulia, husema kweli.
Ukirudi kushoto, hupunja.
Naongeza. Daftari langu linasema:
asubuhi ya baridi, nukta moja nane;
jua la saa saba, nukta mbili tatu;
siku ya mvua, usishike kazi ya mtu unayemheshimu.

Msimu umefunguliwa. Kiwanda cha kubangua
kinataka visu sitini kabla ya Ijumaa.
Mkala, kijana wangu, anasema tuipeleke kwa chuma chakavu,
bei ya kilo imepanda,
tununue mpya, ndogo, yenye waranti.
Nimepiga hesabu mara mbili, nyuma ya risiti.
Ana haki.

Lakini jana, saa tano usiku, kisu cha thelathini na moja,
maji ya oili yakitiririka meupe kama tui,
iliingia ndani ya chuma bila kelele,
bila ule mtetemo unaonipanda kwenye magego,
na chuma kikatoka kioo. Nikaiona pua yangu.
Nikamwita Somoe aje aione pua yangu.
Akaja na kanga moja, usingizi machoni, akainama.
"Ina oili," akasema.
Akaifuta. Pua, si kisu.

Hapo umeme ukakatika.

Feni ya shule ikaendelea kuzunguka kidogo,
kwa mazoea tu, kisha ikatulia.
Somoe akaenda kutafuta tochi.
Vilibaki visu ishirini na tisa,
na mashine iliyokwisha sahau kwao.

Nikapapasa gizani kwa kidole gumba
mpaka nikaigusa kona ya meza.
Ilikuwa bado na joto.