Kizingiti

Umeme umerudi saa nane na robo usiku.
Jenereta ya Businge imekohoa mara mbili, ikanyamaza,
na seva iliyoko Kampala, isiyojua giza la Fort Portal,
inanirudishia seli elfu thelathini na moja
za mtu nisiyemjua.

Namjua kwa herufi moja na tarakimu mbili.
Alitia dole gumba kwenye fomu angali hai,
kwamba akishaondoka tuvichukue vile vifundo
vilivyojipanga kando ya uti wa mgongo
kama njegere kwenye ganda,
humo zinamokaa seli zipelekazo habari za nyayo:
hapa pana umande, hapa pana mwiba,
hapa panatekenya, hapa pana moto.

Kazi yangu ni kuzipanga. Sijawahi kuigusa hata moja.
Kwangu mimi ni jedwali,
jeni elfu ishirini kwa kila seli,
sifuri nyingi kuliko kokoto za mto Mpanga,
nami naziuliza kama tuulizavyo tukikutana njiani:
empaako yako nani?
Kwetu Toro hatusalimu mtu kabla ya kulijua hilo.
Majina yenyewe ni kumi na mawili kwa umma mzima,
Abwooli kwa maelfu, Amooti kwa maelfu,
na bado aitwaye hugeuka, akijua ni yeye.

Makundi ya kwenye skrini yana namba tu.
La tatu ni mguso mwepesi, unyoya, manyunyu.
La nane ni mwasho.
La kumi na moja tulibishania wiki nzima na Kobugabe:
yeye akisema ni aina mpya,
mimi nikisema ni seli mbili zilizoingia tone moja,
kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja.
Nilikuwa sahihi. Sikufurahi.

Moto sikuuona popote.

Mwezi wa tatu Mama alivuka kizingiti cha jikoni,
akakanyaga kaa lililodondoka kutoka kwenye sigiri,
akasimama juu yake akinisimulia bei ya ulezi.
Harufu ilitufikia sote wawili kwa pamoja.
"Nani anachoma ngozi?" akauliza.

Kisukari, miaka tisa. Ganzi ilianzia vidoleni
ikapanda taratibu, kama soksi.

Kizingiti kingine nilikiweka mwenyewe,
mstari wa arobaini wa programu:
seli yenye mitokondria kupita asilimia tano
ihesabiwe inakufa. Ifutwe.
Nilikinakili kwa watu wa damu, bila kufikiri.
Lakini seli ya damu haivuti uzi
kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu,
mita nzima, mchana na usiku.
Safari hiyo inataka tanuri ngapi?

Nafuta tano. Naandika kumi na tano.
Feni ya kompyuta inapanda sauti,
mbwa wa jirani anaijibu.

Kona ya chini, kushoto: doa.
Seli mia mbili na sita.
Jeni ya joto inawaka karibu katika zote.

Hazikuwa zinakufa. Zilikuwa kazini.
Nami nimekuwa nikizizika tangu Januari.

Mama sitamwambia nimepata. Sijapata.
Seli hizi si zake, na nyayo hazirudishwi kwa mstari mmoja.
Asubuhi nitashika kioo kidogo,
nimkague kidole kwa kidole,
yeye akitazama ukutani.
"Kuna nini?"
"Hakuna kitu, Adyeeri."
Siku nyingine ni kweli.

Daftarini naandika: kundi la kumi na tisa, lithibitishwe.
Kisha, kwa kuwa Businge amelala na hakuna wa kunicheka,
nakuuliza wewe wa herufi moja na tarakimu mbili:
mara ya mwisho ulipokanyaga moto,
uliruka? Ulitukana?
Ni nani aliyekuja mbio na maji
akikuita, akikuita
kwa jina gani?