Umefika Wapi?

Kutaisi, Jumatatu, jua bado limejifunika shuka.
Mvua inachapa bati la gereji ng'ambo ya barabara.
Tunapimwa uzito mmoja mmoja kama magunia ya viazi,
kisha kila mtu na kiti chake, kila kiti na mashine yake,
na damu yetu inakwenda matembezini kwa saa nne.

Hapa hatuulizani "umeamkaje?"
Tumeamka; ushahidi ndio huu.
Tunaulizana: "Umefika wapi?"

Guram amefika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Mfuga nyuki anashukiwa kumuua nduguye
na mizinga yote imenyamaza.
Kitabu kinene, na mkono wa kushoto una sindano mbili, hauna ruhusa,
kwa hiyo Guram alikikata vipande vinne kwa kisu cha mkate.
Tsiuri, aliyetunza maktaba ya shule miaka thelathini na moja,
nusura ang'oe mirija akamzabe kofi.
Lakini kipande cha kwanza kilipomalizika
yeye ndiye aliyenyoosha mkono.

Tsiuri huanza vitabu mwishoni.
"Kwa umri wangu," asema, "si vizuri kufa unadai."

Mimi nasoma habari za mikunga,
kitabu kisicho na jalada, kutoka kabati la marehemu shemeji.
Wanaogelea miezi bila kula, kwenda kuzaa walikozaliwa.
"Mikunga wako wamefika wapi?" huniuliza muuguzi Eteri
akikaza plasta. "Bado wako njiani, na njaa yao."
Eteri mwenyewe husoma kitabu cha mapishi zamu ya usiku,
ukurasa kwa ukurasa, kama riwaya, wala hapiki;
anasema sura ya biringanya ilimtoa machozi.

Lasha, miaka kumi na tisa, kofia hadi kwenye nyusi:
"Mimi sisomi."
Sawa. Hatukumbishia.
Ila Ijumaa moja tukasikia blanketi lake likifunua kurasa.

Kisha Jumatano moja kiti cha Guram kikabaki kitupu,
shuka limenyooshwa mno.
Hakuna aliyeuliza amefika wapi.
Viti vitupu tunavijua.
Nilisoma mstari mmoja wa mikunga mara tisa.
Saa nne Eteri akaingia mbio, simu mkononi:
usiku wa manane walimwita Tbilisi, figo imepatikana,
kapasuliwa, kashonwa, kakojoa!
Alilitamka neno lile kama anayetangaza mwandamo wa mwezi.
Tukacheka hadi mashine zikapiga kengele.

Ni Tsiuri aliyekumbuka.
"Kipande cha nne," akasema, na uso ukamshuka,
"kiko mfukoni mwa koti lake."

Wiki tatu tukaishi na maiti isiyo na muuaji.
Lasha alimshuku mke. Mimi, daktari wa kijiji.
Tsiuri hakumshuku mtu; hakuwa na mazoea,
maskini, ya kutojua.
Guram akapiga simu kutoka kitandani: "Kumbe aliyemuua ni..."
na sisi, tusio na nguvu ya kufungua chupa ya maji,
tukapiga ukelele: "Usiseme!"
Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Tsiuri.

Leo bahasha imeletwa na dereva wa basi la Tbilisi,
imelowa pembe moja, inanuka tumbaku.
Kwenye kiti cha Guram kuna mgeni, Manana, fundi cherehani,
anaitazama damu yake ikiondoka
kama anayemsindikiza mtoto stesheni.
Tsiuri amechana bahasha. Hakugeuza nyuma.
"Wewe kijana usiyesoma," akamwambia Lasha,
"anzia mia tatu na tisa. Kwa sauti.
Na polepole, hatuna pa kwenda."

Lasha akakohoa, akaivua kofia.
Chumba kikatulia hivi kwamba Manana akageuza shingo,
akaninong'oneza kwa hofu: "Nani amekufa?"
"Ndugu wa mfuga nyuki," nikamwambia.
"Usisikilize bado. Shika, kipande cha kwanza hiki."