Daftari la Tatu

Ofisi ya parokia Kipalila hufunguliwa saa tatu,
lakini ukungu wa Julai haujui saa,
umeingia kabla yetu, umekaa kwenye benchi.
"Kamwene," asema katekista Otmari Luvanda.
Anatoa daftari kabatini, analipangusa kwa kiwiko
kama mtu anayemfuta kamasi mtoto wa jirani:
kwa uangalifu, si kwa mapenzi.

Nimemfuata babu.
Mahakama ya mwanzo, kwa ajili ya shamba la bondeni,
inataka karatasi: Telesfori ni mtoto wa nani?

Elfu moja mia tisa thelathini na nane.
Mwandiko wa padre umelala upande
kama ngano iliyopigwa na upepo.
Jina. Siku. Mama. Baba. Msimamizi.
Kwa wengine vyumba vyote vitano vina watu.
Kwa babu, chumba cha nne kina mstari,
umepigwa kwa rula, mnyoofu, haukutetemeka,
na pembeni maneno mawili ya Kilatini
ambayo Otmari anayatafsiri akitazama dirisha:
"Baba hajulikani."

Hajulikani na nani?
Wakunga walimjua, uchungu ulimtaja mbele yao.
Mbwa wa nyumba ile walimjua,
hawakumbwekea usiku.
Walimjua wagema ulanzi, walimjua
wote waliokaa nyuma yake Jumapili,
benchi la pili, wakiitazama kola yake iliyopigwa pasi.
Kalamu tu ndiyo haikumjua.

Nafunua nyuma, nafunua mbele.
Watoto wa mstari hawakubatizwa Jumapili.
Katikati ya juma, asema Otmari,
mlango wa sakristia, bila kengele,
na jina la mtakatifu aliyekuwa zamu siku hiyo:
Telesfori, Polikarpo, Eufrasia,
majina yaliyowavunja bibi zao meno
hadi wakayalainisha kwa moto wa jikoni:
Tele. Poli. Fulasia.

Ndipo naona chumba cha tano.
Skolastika Mgongolwa.
Mstari mwingine, ukurasa mwingine: Skolastika Mgongolwa.
Nahesabu kwa ukucha. Kumi na saba.
Mwanamke mmoja, na msalaba wa wino mahali pa saini.

"Alikuwa akifua vitambaa vya altare," asema Otmari.
"Wenzake walikataa kuwashika watoto wale,
eti aibu huambukiza kama upele.
Yeye alikuja mikono ingali na povu."

Sijui kama alikuwa mwema.
Labda aliitwa tu, Skolastika, njoo,
kama anavyoitwa mtu wa ndoo.
Daftari halisemi.
Lakini kumi na saba ni wengi
kwa mtu wa kuitwa tu.

Otmari anajaza cheti. Akifika chumba cha nne
anainua kalamu, ananitazama, nakaa kimya.
Rula ilipotea enzi za katekista mwingine.
Anaupiga kwa mkono mtupu, mkono wa miaka sabini,
na mstari unapanda, unashuka,
unapanda tena,
mfano wa vilima vya kwetu ukiviona kutoka barabarani.

"Elfu mbili," asema. "Subiri, mhuri umekauka."
Anaupulizia pumzi, mara mbili,
kama anayeamsha moto wa jana.