Ngozi ya Kitunguu

Hadubini ni moja, sisi arobaini na wawili.
Umeme umekatika Soroti tangu juzi,
basi Mwalimu Amongin anageuza kioo,
analitega jua la saa nne.

Kitunguu nimekiiba jikoni kwa mama.
Utando wake mwembamba, tone la iodini,
na zamu yangu ikafika:

matofali!
Yamepangwa kama tanuri la Ejoku kule kwetu,
na katika kila tofali doa moja, kiini,
kimeinamia maandishi yake.
Hakuna aliyewahi kuniambia kitunguu kina vyumba.

Kisha nikajikwangua shavu kwa ndani, kwa njiti.
Seli zangu zimetawanyika ovyo,
hazina ukuta,
utando tu, bawabu laini
anayejua sukari ipite, chumvi isubiri.
Humo ndani, hata lenzi haifiki,
mitokondria zinachoma bila moshi
uji wa ulezi nilioukoroga alfajiri.

"Umeshaona? Pisha wenzako."
Nikapisha.

Jioni mama akaulizia kitunguu chake.
Nikasema tulikuwa tunakihesabu vyumba.
Akanisukumia kingine, na kisu.
"Haya, hesabu na hiki."

Nikakata. Machozi yakanitoka,
safari hii nikijua
ni kuta ngapi nimebomoa.